Juu, Wazi, Mbali na Bati

Nyumbani, 14 Januari 2025

Mdogo wangu Eliakunda,

Pokea kwanza salamu za nyumba hii uliyozaliwa, halafu ndiyo upokee maneno yangu. Mama hajambo. Goti la kushoto linamsumbua kila ukungu unapotanda, lakini mdomo hauna ugonjwa wowote. Juzi alimfukuza mwinjilisti kijana aliyekuja kumwombea, eti anaomba kwa kunong'ona kama mtu anayeuza kitu cha wizi. Ndizi nyingi zimeangushwa na upepo wa Desemba. Ndiva tumeizibua wiki iliyopita kwa msaragambo, kijiji kizima, maji ya bwawa yashuke mashambani tena, nami nilikwenda na jembe langu, ingawa wapo waliotamani nisionekane. Tangu niandike gazetini kuhusu wanaong'oa kahawa na kupanda mirungi, wananiita Mwandishi, na wanalitamka neno hilo kama watu wengine wanavyotamka neno mchawi.

Sasa tuje kwenye lililonifanya nikae chini niandike. Ujumbe wako wa simu niliuona na sikuujibu. Mambo ya redio sizungumzi kwa simu, maana simu ina masikio nisiyojua ni ya nani. Barua hii itapita dukani kwa Honorata, Kisiwani. Naye simwamini, lakini yeye angalau namjua sura.

Unasema redio zetu za mkononi hazisikilizani vizuri na kwamba tubadilishe antena, tuweke ndefu. Nakuuliza: nani ametaka antena ndefu, wewe au mumeo? Leseni ya redio ya ridhaa, ya watu wanaozungumza hewani kwa kupenda tu, tuliifanyia mtihani watu wawili, mimi na wewe, chumba kimoja, siku moja. Parsimei wako hakuwemo chumbani. Na redio hizi tulizitafuta kwa kazi moja tu. Mvua inanyesha kwangu mlimani, korongo linajaa kwenu huku jua linawaka, na katikati yuko mwanao Naishorua anayelivuka kwenda shule na kurudi. Mimi naona wingu, nakuita, wewe unamzuia mtoto. Kazi hiyo inahitaji antena ya urefu gani?

Nauliza kwa sababu nasikia huko bondeni kuna wachungaji wenye redio. Mmoja anakaa mahali pa juu anaangalia gari la askari wa hifadhi, mwenzake anaingiza ng'ombe. Nimeanza kuandika makala juu ya jambo hilo, na nikiandika sipunguzi makali. Sitaki nifike katikati ya makala nikutane na jina la shemeji yangu.

Nijibu bila kuzunguka. Mama anasema mtoto ale vizuri.

Kaka yako,
Nathanaeli


Nyumbani kwangu, chini ya Kisiwani, 1 Februari 2025

Kaka Nathanaeli,

Shikamoo. Nishikie mikono ya Mama, yote miwili, na umwambie dawa ya goti nitaituma gari la Same likipita. Sisi wazima. Naishorua ameingia darasa la sita na amekuwa na maneno kama wewe. Nadhani ni adhabu yangu. Ng'ombe wamekonda, nyasi hakuna, vumbi limeingia mpaka kwenye maziwa. Baba yake anakusalimu. Kwenye barua yako ulisahau kumsalimu. Mimi nimemwambia ulimsalimu.

Antena nimeitaka mimi. Kile kipira kifupi kilichokuja na redio kimetengenezwa kikae vizuri mfukoni, hakikutengenezwa kisikike mbali. Unajua hivyo, maana mtihani ule tuliusoma kitabu kimoja. Wewe ukiita nakupata vipande vipande. Mwezi wa kumi na mbili nilisimama juu ya kichuguu nikasikia "korongo" na "mtoto" na "saa tisa", basi. Sikusikia kama ulisema avuke au asivuke. Nilikimbia mwenyewe hadi korongoni kwenda kuangalia kwa macho. Siku hiyo lilikuwa kavu. Masika halitakuwa kavu.

Parsimei anakwenda Same mnadani. Atapita kwa fundi Fredrick, yule mwenye kibanda nyuma ya stendi, achukue antena mbili. Yetu ni fimbo nyembamba ya kukunja, ndefu kama mkono wangu, inafungwa palepale kwenye redio. Yako ni waya wa kutundika, una kebo yake ya kushuka hadi kwenye redio, kwa sababu wewe una miti mirefu na huna haja ya kutembea nayo.

Makala iandike, kaka. Hujawahi kuniomba ruhusa ya kuandika.

Mdogo wako,
Eliakunda


Nyumbani, 19 Februari 2025

Eliakunda,

Hatujambo. Mama amepata dawa, ameipaka, ananuka karafuu nyumba nzima na anasema imemsaidia zaidi puani kuliko gotini.

Nimesoma barua yako mara ya kwanza, nikaisoma tena kutafuta kitu ambacho hakimo. Niliuliza juu ya Parsimei na hifadhi. Ukanijibu nyasi hakuna. Hilo si jibu, au ni jibu zima. Chagua wewe.

Antena imefika. Bahasha ilikuwa imefunguliwa ikafungwa tena. Gundi ya pili ilikuwa nyeupe na ya kwanza ya njano. Nimeanza kumwangalia Honorata kwa jicho jingine. Lakini kubwa ni hili: haiingii. Kichwa cha kebo mliyonitumia ni dume. Tundu la redio yangu nalo ni dume, lina sindano yake katikati. Madume mawili mnataka niyafanye nini, niyapiganishe? Fundi hawezi kukosea kitu kidogo hivyo. Mtu aliyebeba anaweza kukosea, au anaweza kuchukua inayofaa na kunitumia isiyofaa. Ya kwenu imeingia vizuri, sivyo? Nilijua.

Nimekaa na waya mezani kama mtu aliyenunuliwa kiatu cha mguu mmoja. Mama ameuliza kama ni kamba ya kuanikia nguo, akasema kama ni hiyo anayo kazi yake.

Sema ukweli. Mimi ni kaka yako. Siyo askari.

Nathanaeli


Nyumbani kwangu, 2 Machi 2025

Kaka Nathanaeli,

Shikamoo. Nimecheka barua yako yote isipokuwa sehemu uliyomwita mume wangu mwizi bila kulitaja neno. Hiyo nimeisoma taratibu.

Bahasha ilifunguliwa na mimi. Nilikuwa nimeshaifunga nikakumbuka sikuweka karatasi ya fundi, nikaifungua palepale dukani, na gundi ya Honorata ni nyeupe. Mwombe radhi moyoni, maana najua mdomoni hutaweza.

Sasa kuhusu dume na dume. Redio tulizonunua mimi na wewe zilikuwa pacha. Zote zilikuwa na tundu la jike. Nimemwuliza Fredrick, nikaitazama yangu tena juani: jike. Kwa hiyo wewe hushiki tena redio tuliyonunua pamoja. Umebadilisha, kaka. Ile ya kwanza iko wapi, na kwa nini hukuniambia? Unaona jinsi ilivyo rahisi kuuliza maswali ya aina hii.

Nakutumia kiungo kidogo, jike pande zote mbili. Kikaze kwa vidole tu, usitumie koleo. Halafu uusimamishe waya wima, juu kadiri utakavyoweza. Ule mgrivea nyuma ya jiko unafaa sana, unatazama bondeni moja kwa moja. Fredrick kaandika maneno machache tu kwenye karatasi yake, nami nayarudia: juu, wazi, mbali na bati. Unajua kwa nini. Bati linameza mawimbi, na nyumba yetu ina bati jipya.

Nitakuwa kwenye kichuguu kila siku saa kumi na moja jioni, nikiwa na ile fimbo ndefu. Na siku za mvua nitakaa huko tangu shule inapokaribia kutoka. Naishorua anatoka saa tisa na nusu.

Mdogo wako,
Eliakunda


Nyumbani, 18 Machi 2025

Eliakunda,

Mama hajambo, anakuombea, kwa sauti kubwa. Mvua zimeanza vizuri huku. Mahindi ya bonde la kanisa yamefika gotini. Upande wa watu, hali si nzuri.

Redio ya kwanza ilizama ndivani siku ya msaragambo. Sikuona sababu ya kutangaza. Wala sikuteleza mwenyewe, kama unataka kujua. Nilisukumwa na bega la mtu, na bega hilo nalijua.

Kiungo kimeingia. Antena nimeifunga. Na nakwambia bila kuficha kwamba mmeniuzia kitu kisichofaa. Kwa kile kipira kifupi nilikuwa nakusikia kwa mikwaruzo. Kwa waya huu wa kisasa sikusikii kabisa. Nimekaa saa kumi na moja jioni zote hizo sikio kwenye redio, napata mlio kama wa mafuta ya kukaangia. Alhamisi mvua kubwa ilipiga kileleni, maji yakashuka ya rangi ya matofali, nikaita nikaita mpaka koo likakauka. Kimya. Mlikuwa mmezima, au kuna mtu alikuwa ameichukua redio mahali pengine kwa shughuli nyingine? Narudia: kwa shughuli nyingine. Makala yangu imefika ukurasa wa nne.

Utaniuliza nimeitundika wapi. Mahali salama. Mahali ambapo jicho la jirani halifiki. Hujui yaliyotokea. Jumapili ya tarehe 9 polisi walipanda na gari mbili, wakafyeka mirungi ya Simon na ya nduguze kule chini ya miamba, wakaondoka na vijana. Jioni ileile Simon alipita mbele ya nyumba yangu polepole, akaangalia paa, akaangalia miti, akasema, "Mwandishi, leo umesikika mbali." Nikamwuliza anamaanisha nini. Akasema, "Mimi sina elimu ya kumaanisha." Na mkewe Priska sasa akinikuta kisimani anageuza ndoo mdomo chini, hachoti mpaka niondoke.

Sijampigia polisi yeyote. Nimewashambulia hadharani, kwa jina langu, gazetini, na mtu anayeshambulia hadharani hana haja ya kunong'ona. Simwogopi Simon. Siogopi mtu. Lakini sitawawekea waya mtini waje waunyooshee kidole.

Mwambie fundi wenu antena yake ni bandia.

Nathanaeli


Nyumbani kwangu, 27 Machi 2025

Kaka,

Shikamoo. Leo salamu ni fupi. Tuko hai, wote.

Alhamisi unayoisema, mimi nilikuwa juu ya kichuguu, redio mkononi, fimbo nimeikunjua yote. Haikuzimwa. Nilimsikia mtu wa Same akizungumza na mwenzake wa Moshi, safi kama wamekaa jikoni kwangu. Nilimsikia mtu mwingine wa mbali zaidi akiita kupima kama anasikika. Wewe sikukusikia. Nikaangalia mlima, nikaona wingu, lakini wingu lipo kila siku, na kwa sababu hukuniita nikasema moyoni, kaka angeona kitu angeita.

Naishorua aliingia korongoni saa kumi kasoro. Maji yalimfika katikati. Hakuna aliyeyasikia yakija kwa sababu huku upepo ulikuwa unavuma kwenda mlimani. Alishika mzizi wa mgunga. Mwalimu wake, Beatha, na kina mama waliokuwa wanachota mchanga walimvuta kwa kanga walizozifunga pamoja. Sisi tulikuwa ng'ambo tunamwangalia akivutwa. Alilala kwa mwalimu siku ile na iliyofuata mpaka maji yalipopungua. Amepoteza begi na kiatu. Sasa usiku anaamka akishika miguu ya kitanda.

Sikutaka kukuambia. Nilijua utaandika barua ndefu. Nimekuambia kwa sababu sasa nataka kitu kimoja tu kutoka kwako, na sitaki ukurasa wa nne wala wa tano.

Antena iko wapi?

Usiniambie mahali salama. Salama kwa nani? Wewe unayewasema wakubwa magazetini kwa jina lako kamili, na Mama anakata vipande anavibandika ukutani. Kaka yangu huyo naye anamficha nani waya?

Kuhusu hifadhi uliniuliza na sikukujibu. Leo pia sikujibu. Lakini shule iko ng'ambo ileile na masika ndiyo kwanza inaanza.

Eliakunda


Nyumbani, 16 Aprili 2025

Eliakunda,

Naandika asubuhi na mapema, na barua hii naipeleka kwa mkono kwa kijana wa bodaboda anayeshuka, kwa sababu mnara wa simu umekufa tangu jana. Ndiyo, nimepiga simu. Nimekupigia mara nyingi kuliko mwaka mzima uliopita, na masikio ya nani yanasikiliza sijali. Kwa hiyo kabla ya yote: mtoto yuko wapi? Mwambie huyu kijana kwa mdomo, asisubiri wewe uandike. Nimemwagiza asirudi bila neno.

Barua yako ilichelewa kwa Honorata. Njia iliharibika, simlaumu. Niliipata Ijumaa. Sikulala vizuri, na Jumamosi asubuhi niliitoa antena ilikokuwa, nikaanza kupanda mgrivea. Ngazi yetu unaijua. Nilikuwa nimefika kwenye tawi la pili, nafsi moja inasema shuka na nyingine inasema panda, wakati Mama alipotoka ndani ameshika baragumu la Baba.

Lile baragumu halijapigwa tangu tulipomzika. Mama alilipiga, Eliakunda. Kwa miaka themanini yake na goti lake. Alilipiga kama Baba alivyokuwa akiita msaragambo, na wewe unajua hapa kwetu mtu akisikia mlio ule hakai kitandani. Walidhani ndiva imepasuka. Walikuja na majembe na karai, wakajaa uani, wakamkuta Mwandishi juu ya mti na waya mdomoni.

Simon ndiye aliyeanza. "Sasa unawaita polisi mchana kweupe?"

"Namwita dada yangu," nikasema.

"Dada yako ni polisi?"

"Dada yangu ana mtoto anayevuka korongo letu. Maji tunayoyaona sisi yanamkuta yeye."

Halafu Priska akauliza, si kwa ukali, akauliza kama anayetaka kujua kweli, "Kama ni mtoto, mbona ulikuwa unamwita kwa kujificha?"

Nimeandika makala nyingi maishani. Hapo niliurudisha waya mdomoni. Mama akasema, "Ameulizwa akanyamaza, haijawahi kutokea, sasa shikeni mti kabla hajapata maneno." Wakacheka, hata Simon, ingawa yeye alicheka akiangalia pembeni. Wakakata mianzi miwili mirefu, wakaifunga pamoja, wakaisimamisha juu ya mgrivea. Simon mwenyewe ndiye aliyepanda kuufunga waya, kwa sababu alisema mimi nafunga fundo kama mtu wa mjini. Alipokuwa juu akaniuliza kwa sauti wote wasikie, "Nikiongea hapa, polisi wananipata?" Nikamwambia ajaribu. Akasema hapana, amewaona vya kutosha mwaka huu. Bado ananishuku. Mimi pia bado nalikumbuka lile bega. Lakini antena iko juu, wazi, na kila mtu anaiona tangu kanisani.

Baada ya hapo Mama alininyang'anya redio akasema maneno yake kwa Kipare, marefu. Leseni ni yangu, nilikaa pembeni yake, nilijaribu kumzuia, nikashindwa. Nashukuru hakuna aliyejibu.

Lakini hapa kuna kitu, na nakiandika kwa sababu ni mimi. Jumamosi ile, na Jumapili, na Jumatatu, kila nilipoita saa kumi na moja, sikusikia sauti yako. Nilisikia mtu anabonyeza na kuachia. Tk. Tk. Hasemi. Kulikuwa na mtu anayenipata vizuri na hataki asikike. Hukuwa wewe. Wewe ungesema, hata kunitukana.

Jana mvua ilianza kileleni saa saba. Sijaona mvua kama ile tangu tukiwa wadogo. Mfereji wa ndiva ulifurika, mawe yakawa yanagongana huko chini kama watu wanaohamisha vyombo. Niliita. "Eliakunda, maji yanashuka, mtoto asivuke, narudia, asivuke." Tk. Tk. Nikapiga kelele: "Wewe unayebonyeza, kama una mtoto, sema!" Halafu sauti ya Parsimei, safi kama amesimama uani:

"Nimekupata, shemeji. Nashuka."

Basi. Baada ya hapo hakuna kitu. Si sauti, si kubonyeza. Niliita mpaka chaji ikaisha, nikachaji kwa betri ya sola ya Simon, nikaita tena mpaka giza.

Anashuka kutoka wapi? Kichuguu chenu mtu anakishuka kwa hatua mbili. Niliuliza swali hilo peke yangu jana jioni, nikasikia jinsi linavyosikika, nikaliacha.

Mtoto yuko wapi?

Msalimie Parsimei.

Nathanaeli


Nyumbani kwangu, 17 Aprili 2025

Kaka Nathanaeli,

Shikamoo, na Mama shikamoo, na baragumu la Baba shikamoo.

Kijana wa bodaboda ameshakuambia, lakini nataka uwe nalo kwenye karatasi pia: Naishorua yupo. Amekaa hapa karibu yangu anakula makande na kuniambia nikuandikie kwamba mjomba wake ana sauti ya kutisha.

Ilikuwa hivi. Yeye na rafiki yake Sabrina walikuwa wamefika ukingoni, viatu wamevitundika shingoni. Maji yalikuwa ya kifundo cha mguu, ya kuchezea. Naishorua alikuwa amesita, tangu Machi anasita, na Sabrina alikuwa anamcheka, amemshika mkono anamvuta. Wote wawili walikuwa wameshaingia. Ndipo wakamsikia Parsimei. Alikuwa mbali bado, anakimbia, fimbo ya antena inapepea juu ya kichwa chake, anapiga kelele kwa Kimaasai maneno ambayo Naishorua anasema hajawahi kumsikia baba yake akiyasema. Waliogopa, wakarudi nyuma. Walirudi kwa sababu walimwogopa yeye. Maji walikuwa bado hawajayaona. Yalipofika, alikuwa ameshawashika wote wawili kwa shingo za mashati, na alipowarusha juu ya ukingo redio ikamtoka mkononi.

Ndiyo maana ulisikia kimya. Redio ilikwenda na maji. Tumeipata jana mchana, mbali kule chini kwenye kona ya mchanga. Yenyewe ilikuwa imefukiwa, hatungeiona. Tulichoona ni ile fimbo ndefu, imesimama nje ya matope kama jani la mkonge. Nimeifungua, nimeianika juani vipande vipande. Leo imewaka. Inakoroma kidogo, lakini inashika.

Ng'ombe wanne hawajarudi. Parsimei aliwaacha walipokuwa akaja mbio. Anawatafuta. Sitakuandikia anawatafuta upande gani.

Siku zile za kubonyeza, redio alikuwa nayo yeye. Nilimpa mimi. Leseni ni yangu, nililijua hilo, nikampa. Zaidi ya hapo usiniulize. Najua umeshajijibu, wewe ni mtu wa kujijibu. Lakini mahali alipokuwa ni juu na ni wazi, na ndiyo sababu alikupata neno kwa neno, na angekuwa hapa bomani pamoja nami labda asingekupata. Sasa una vitu viwili mkononi mwako, mahali pale juu, na mtoto aliyepona, na makala ina ukurasa wa nne. Fanya unavyoona.

Kuhusu maneno ya Mama ya Jumamosi, ulishukuru kwamba hakuna aliyejibu. Kaka, yalisikika vizuri mno. Miaka kumi na tatu ya ndoa, Parsimei anajua Kipare cha kutosha. Alirudi jioni akanisimulia huku amejishika mbavu, na anamwiga Mama vizuri kuliko mimi: "Eliakunda, huyu kaka yako alikuwa ameuficha darini, chini ya bati, juu ya kitanda chake, umelala kama nyoka aliyeshiba! Anamwita mtoto kutoka ndani ya sufuria!"

Nilicheka. Halafu nilikwenda nyuma ya boma nikakaa peke yangu mpaka hasira iliyokuja baada ya kicheko ikapungua. Haijaisha yote. Nimekwambia ili usidhani imekwisha.

Kwa hiyo usihangaike kuniandikia antena ilikuwa wapi mwezi wa tatu. Sitauliza tena. Wewe nawe usiniulize mume wangu alikuwa wapi juzi.

Mvua bado zipo. Kesho ni Ijumaa Kuu, shule imefungwa, lakini mimi saa kumi na moja nitakuwa kwenye kichuguu. Uniite, niisikie redio kama imepona. Mwache Mama naye aseme.

Salamu zako kwa Parsimei nimezifikisha. Safari hii sikulazimika kuzitunga.

Mdogo wako,
Eliakunda